Usingizi wa Niaba katika Nchi ya Kaatuli

Bi Sikudhani Mhando, fundi wa magodoro ya sufi, mwenyeji wa Muheza, ndiye aliyekwenda Kaatuli na kurudi. Mimi nilipewa tu habari zake siku alipokuwa ananishonea godoro langu, na sikumwona akisita hata mara moja kama mtu anayetunga. Mkiona chumvi imezidi, mjue ilikuwemo kabla chakula hakijafika kwangu.

Kaatuli haimo kwenye ramani. Wenyeji wakiulizwa nchi yao iko wapi, hujibu kwamba iko palepale ilipokuwa jana, na hilo wanaliona sifa. Safari yenyewe nairuka, maana vumbi la njia ya huko halina tofauti na vumbi la kwetu. Kilichompeleka ni barua yenye mihuri mitano kutoka Wizara ya Utulivu. Ilisema hivi: “Kwa mujibu wa takwimu, watoto wetu wanalala vizuri kupita watoto wote duniani, isipokuwa wanaamka hawajalala. Wataalamu wanashuku magodoro. Tafadhali fika haraka.”

Sikudhani aliisoma barua mara tatu. Ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, ana sauti ya kuitia watu ng’ambo ya mto, na upuuzi humuwasha kama upupu. Lakini kazi ni kazi. Akafunga sindano zake ndefu, kamba, na magunia mawili ya sufi, akaenda.

Alipokelewa, akanawishwa, akasukutulishwa maji ya chumvi, akapewa chumba Mtaa wa Nne katika nyumba ya mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Zamo. Mume wa Mama Zamo alikuwa amekwama upande wa pili wa mpaka tangu milango ilipofungwa kwa ajili ya homa. Nyumbani walibaki yeye na binti yake Zamoyoni, mwenye umri wa miaka saba, mwembamba, na macho mekundu kama ya mtu aliyepuliza moto wa kuni mbichi mchana kutwa.

“Shikamoo shangazi,” alisema Zamoyoni.

“Marahaba mwanangu. Umelalaje?”

Mama Zamo akamtazama mgeni kwa hofu, akaenda kufunga dirisha. Sikudhani alidhani amekosea adabu. Baadaye ndipo alipoelewa kwamba katika nchi ile swali hilo ni la serikali.

Sasa nisieleweke vibaya. Homa iliyowafungia watu wa Kaatuli, ambayo wao waliiita Homa ya Pumzi, ilikuwa homa ya kweli. Mtaa wa Nne peke yake ulikuwa umezika watu kumi na mmoja. Watu walijifungia kwa sababu ya maana, na Sikudhani hakuwa na neno juu ya hilo. Neno lake lilikuwa juu ya Orodha ya Ruhusa, iliyobandikwa kwenye kila mlango, ikitaja nani anaweza kutoka nje na kwa muda gani. Kinyozi alikuwemo. Mbwa walikuwemo, mara mbili kwa siku, kwa kuwa mbwa akifungiwa hubweka. Mbuzi walipewa saa tatu, kwa kuwa mbuzi asipotembea hukauka maziwa. Waheshimiwa wanaocheza bao walikuwa na aya yao nzima, chini ya kichwa kisemacho “Afya ya Akili.” Sikudhani aliisoma orodha hadi mwisho, kisha akaigeuza nyuma.

“Mama Zamo, mbona watoto siwaoni? Walisahauliwa?”

“Wasahauliwe wapi, dada! Kamati iliwajadili watoto siku nne. Ikaona watoto tayari wana nguvu nyingi, kwa hiyo hawana haja ya mazoezi.”

“Na mbuzi?”

“Mbuzi walikuwa na mwakilishi.”

Hata hivyo serikali ya Kaatuli haikuwa na roho mbaya, na hili Sikudhani alisisitiza sana aliponisimulia. Baada ya miezi mitatu ya kufungiwa, madaktari waliandika kwamba watoto wananenepa mashavu na kukonda miguu, na kwamba mtoto asiyekimbia hastawi. Wizara ikalia machozi ya kweli. Ikaunda cheo kipya: Mkimbiaji wa Niaba. Kila mtaa uliteua mtu mzima mmoja wa kukimbia badala ya watoto wote wa mtaa ule. Wa Mtaa wa Nne alikuwa Bwana Mdoe, zamani mpishi wa hoteli, mtu wa tumbo la heshima. Saa sita mchana kila siku alipita mbio chini ya madirisha, jina la kila mtoto limeshonwa kwenye fulana yake, arobaini na matatu kwa jumla, na watoto walikaa dirishani kumtazama. Dakika mbili za kutazama zilihesabiwa dakika moja ya kukimbia. Aliyekosa dakika zake alizimalizia kwenye runinga, katika kipindi kiitwacho Mbio za Marudio, ambacho kilirushwa usiku kucha.

Siku ya kwanza Sikudhani alimtazama Bwana Mdoe akipita, jasho likimchuruzika hadi kwenye viatu. Zamoyoni alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akimfuata kwa macho kutoka kona hadi kona.

“Umechoka?” Sikudhani alimwuliza mtoto mbio zilipoisha.

“Shingo tu,” alisema Zamoyoni.

Usingizi nao ulikuwa na ofisi yake. Wakaguzi wa Usingizi walikuwa watumishi wa umma, na mtumishi wa umma anatoka kazini saa kumi na mbili. Kwa hiyo sheria iliwataka watoto wawe wamelala saa kumi na moja jioni, jua bado linachoma, ili wakaguliwe kabla ofisi haijafungwa. Mkaguzi wa Mtaa wa Nne na mitaa ya jirani alikuwa Bwana Shukurani Pazi, mtu mpole, shati limepigwa pasi, daftari limefungwa kwenye plastiki. Alipiga hodi, akasimama mlangoni pa chumba cha mtoto, akasoma kutoka kwenye kadi: “Mtoto wa Kaatuli, umelala?”

Na mtoto wa Kaatuli, amefumba macho, alitakiwa kujibu: “Ndiyo, mkaguzi, nimelala.”

Hapo mkaguzi aliandika “Amelala” na kwenda nyumba ya pili. Sikudhani alipoliona jambo hili mara ya kwanza kwa jirani, alidhani ni mchezo wa kuigiza. Mtoto alijibu vizuri, mkaguzi akaaga, na saa kumi na mbili na dakika moja runinga za mtaa mzima zikawashwa kwa mpigo. Watoto walizitazama mbio za jana hadi majogoo, wakaamka adhuhuri na vichwa vizito, wakakimbilia dirishani kumtazama Bwana Mdoe. Hivyo ndivyo takwimu za wizara zilivyofikia asilimia tisini na tisa.

Iliyobaki ilikuwa Zamoyoni na wachache kama yeye. Maana Zamoyoni alikuwa na ugonjwa ambao sufi haitibu: hakujua kusema uongo. Bwana Pazi alipouliza, katika zamu ya nyumba yao ya mara moja kwa mwezi, alijibu, “Bado, mkaguzi.” Mara ya kwanza akaandikiwa alama ya “Macho.” Mara ya pili vilevile. Na alama ya tatu ilikuwa na maana moja tu, nayo ni Nyumba ya Utulivu, juu ya kilima, ambako mtoto alilazwa chali asubuhi hadi jioni, mikono ndani ya shuka, siku arobaini, mpaka azoee. Mzazi aliruhusiwa kumpungia mkono kupitia kioo.

“Mwanakheri wa jirani alipelekwa,” Mama Zamo alimwambia Sikudhani, akiwa anamenya muhogo, sauti imeshuka. “Karudi hodari wa kujibu. Ukimwuliza amekula, anasema amelala. Ukimwuliza jina lake, anasema amelala. Dada, Ijumaa hii Pazi anarudi. Mwambie huyu mtoto, labda wewe atakusikia. Neno moja tu!”

Zamoyoni alikuwa anasikia. “Mama, nikiwa nimelala nitasemaje? Na nikisema, si nitakuwa sijalala?”

“Unaona?” alisema Mama Zamo, na machozi yakamtoka bila yeye kujali. “Unaona mtihani nilio nao?”

Sikudhani aliona. Siku mbili zilizofuata alipasua na kushona magodoro sitini ya Kaatuli, akiyapiga kwa kiganja na kuyanusa, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoitiwa. Yalikuwa magodoro mazuri. Jumatano akaitwa Barazani kutoa ripoti.

Baraza la Kaatuli lilikutana kwa kukaa mbali mbali kwa ajili ya homa, kiasi kwamba hoja ilichukua muda kumfikia mjumbe wa mwisho, na yeye alikuwa akipigia makofi hoja iliyotangulia. Siku hiyo walijadili kwa nini watoto wanaolala vizuri hivyo wanaonekana hawajalala. Mjumbe wa Bondeni alilaumu majogoo, akataka wapewe onyo la maandishi. Mwingine alitaka kila mtaa uwe na wakimbiaji wawili, ili watoto wachoke mara mbili. Mwingine alisema tatizo ni wazazi, akashangiliwa na wote, kisha akakaa bila kufafanua. Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Semkiwa, mzee safi mwenye miwani ya mnyororo, aliwashukuru wote akamkaribisha mtaalamu.

“Magodoro yenu hayana kosa,” alisema Sikudhani. “Godoro halimlazi mtu, Mheshimiwa. Linampokea aliyechoka. Na watoto wenu hawajachoka.”

“Wamechoka, bibie,” Waziri alijibu kwa upole. “Bwana Mdoe leo amekimbia mizunguko ishirini kwa niaba yao.”

“Basi aliyechoka ni Mdoe.”

“Kwa niaba yao.”

“Mheshimiwa, Mdoe akila ugali, wao wanashiba?”

“Hilo ni la Wizara ya Chakula.”

Hapo ule upupu ukamwasha Sikudhani. Alimfikiria Zamoyoni na macho yake mekundu, na ile Ijumaa iliyobakiza siku mbili, na wazee wazima thelathini wakimtazama kama wanaotazama mbio. Akapaza ile sauti yake ya ng’ambo ya mto.

“Kama mnaweza kumkimbilia mtoto, basi mlalieni pia! Mtupeni Mdoe kwenye godoro, akorome kwa niaba ya mtaa mzima, na mtoto wa watu mmwache!”

Sikudhani akaanza kukusanya sindano zake, maana alijua anafukuzwa. Lakini Waziri alivua miwani, akafuta macho.

“Waheshimiwa,” alisema, sauti ikitetemeka, “wataalamu wangapi tumewalisha hapa? Na hakuna hata mmoja aliyeliwaza hili.”

Makofi yakalipuka, yakaenda hadi kwa mjumbe wa mwisho na kurudi. Sikudhani alipiga kelele kwamba ilikuwa hasira, kwamba alikuwa anakejeli, kwamba jamani msiandike. Karani aliandika na hilo pia. Ndani ya saa moja Sheria ya Usingizi wa Niaba ilikuwa imesomwa mara tatu, na kila Mkimbiaji akaongezewa cheo cha Mlalaji. Mjumbe mmoja, mama mwenye watoto sita, alisimama akauliza: je, mtoto aliyelaliwa akikojoa kitandani, atashtakiwa? Wakaona ana hoja, wakaongeza kifungu. Kisha Waziri akaongeza kingine, kwamba watoto wenye alama mbili wataendelea kuulizwa kwa mdomo kama zamani, mpaka waraka mpya utakapotoka.

Sikudhani alirudi Mtaa wa Nne akitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amewaletea wajinga ujinga mpya, na Zamoyoni, mtoto pekee aliyemfanya afungue mdomo, ndiye ambaye sheria ilimwacha nje. Alimweleza Mama Zamo yote bila kuficha. Mama Zamo hakumlaumu, jambo ambalo lilimuuma zaidi. Aliichukua nakala ya sheria, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaanza kuisoma polepole kama mtu anayechambua mchele.

“Dada,” alisema baadaye. “Hiki cha mkojo umekisoma?”

“Nisome vya mkojo nina wazimu?”

“Sikiliza. ‘Mtoto ambaye Mlalaji wake amelala atahesabiwa amelala, na hatawajibishwa kwa jambo lolote atakalolitenda wakati huo, mahali popote, kwa kuwa aliyelala hajui alitendalo.’” Akainua kichwa. “Mahali popote.”

Walitazamana. Kisha Sikudhani akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kilichomtoa Zamoyoni chumbani kuja kuona kuna nini.

Alhamisi, Bwana Mdoe alikimbia mizunguko yake saa sita, na saa nane kasoro akapanda jukwaa lililojengwa njia panda, ambapo Sikudhani alikuwa amemtandikia godoro jipya la sufi nzito. Walimvika shingoni orodha ya majina arobaini na matatu.

“Dada yangu,” alimwambia Sikudhani, akijinyoosha, “kazi hii nimeandikiwa na Mungu.” Kabla hajamaliza kujifunika alikuwa anakoroma, na mkoromo ule ulisikika hadi nyumba ya mwisho.

Mtaa wa Nne ulikuwa mtupu, watu wazima wote ndani kwa ajili ya homa. Sikudhani na Mama Zamo walifunga vitambaa usoni, wakatandaza kamba za magodoro barabarani, mstari kwa mstari, hatua tano kati ya kamba na kamba, ili kila mtoto awe na njia yake na asimpumulie mwenzake. Kisha wakagonga milango, wakiwasomea wazazi kile kifungu. Watoto wakatoka mmoja mmoja, wakilikunjia jua nyuso.

Hawakujua waanzeje. Walisimama kila mmoja kwenye mstari wake, mikono imening’inia, wakimtazama Bwana Mdoe kana kwamba angeamka aanze yeye. Zamoyoni ndiye aliyetoka wa kwanza. Alikimbia hatua kumi hivi, akasimama ghafla, akajishika ubavu, uso umejaa hofu.

“Shangazi! Kuna kitu kinanichoma hapa!”

“Ni kichomi cha mbio tu. Kitaondoka.”

“Na moyo unapiga kwa nguvu!”

“Uache upige. Wako huo.”

Zamoyoni akausikiliza kidogo, mkono kifuani. Kisha akaondoka tena, na safari hii hakusimama. Nyuma yake mtaa mzima ukafyatuka, vilio vya furaha na visigino, watoto wakianguka na kuamka na kuanguka tena. Mwanakheri wa jirani alikimbia akipiga kelele kwamba amelala, amelala, amelala, na kila alipogeuka alicheka.

Askari wawili walifika mbio, virungu juu. Waliona watoto arobaini na watatu barabarani, wakapigwa na butwaa, macho yamewatoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Sikudhani aliwapa sheria. Mkubwa wao akaisoma, akamtazama Mlalaji, akahakikisha anakoroma, akasoma tena.

“Hawa wamelala,” alimwambia mwenziwe kwa kunong’ona.

“Wote?”

“Wote. Vua viatu, utawaamsha.”

Wakapita katikati ya ule mtafaruku kwa ncha za vidole, viatu mkononi, wakijiziba midomo kila walipotaka kukohoa. Mtoto mmoja alipomgonga askari mdogo gotini, yule askari alimwomba radhi kwa ishara.

Jioni ile Zamoyoni alilala saa mbili, akaamka alfajiri akiuliza Bwana Mdoe atalala saa ngapi. Lakini Bwana Pazi alikuwa anakuja Ijumaa, na Mama Zamo hakuifurahia asubuhi hiyo. Alimkalisha binti yake, akamshika mikono yote miwili.

“Leo ukimaliza kukimbia, urudi mapema. Ulale kitandani. Akiuliza, useme umelala. Safari hii itakuwa karibu na kweli, mwanangu. Utakuwa umechoka.”

“Nikiwa karibu kulala nitamwambia niko karibu,” alisema Zamoyoni.

“Zamo, watakuchukua!”

Zamoyoni aliinamisha kichwa, akasema atajaribu. Na Sikudhani, aliyekuwa anapanga sindano zake kwa ajili ya kuondoka kesho yake, alijua kwamba mtoto yule akisema atajaribu, maana yake hawezi.

Ijumaa walikimbia kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja kasoro. Zamoyoni alirudi nyumbani vumbi hadi kwenye nyusi, akanawa, akakaa jikoni kwenye mkeka na bakuli la muhogo wa nazi. Mama yake aliingia chumbani kutandika kitanda kwa haraka. Alipotoka, mtoto alikuwa ameegemea gunia la sufi, kipande cha muhogo mkononi, mdomo wazi, amelala fofofo.

Saa kumi na moja na nusu kamili hodi ikapigwa.

Bwana Pazi aliingia kwa salamu zote, akapewa kiti akakataa, akafungua daftari. Akaambiwa mtoto yuko jikoni. Hilo halikumpendeza, kwa kuwa fomu ilisema chumbani, lakini akaenda. Akasimama penye kizingiti, akatoa kadi.

“Mtoto wa Kaatuli, umelala?”

Zamoyoni hakujibu.

Bwana Pazi akakohoa kidogo. “Mtoto wa Kaatuli, umelala?”

Kipande cha muhogo kilimponyoka mtoto kikabingirika hadi kwenye kiatu cha mkaguzi.

“Kanuni inataka niulize mara tatu,” alisema Bwana Pazi kwa huzuni. “Asiyejibu mara ya tatu yu macho, mama. Sikuitunga mimi.”

Mama Zamo alipiga magoti, akamshika mtoto bega. “Zamo! Zamo, amka! Amka useme umelala!”

Hapo mkono wake ukasimama. Alikuwa ameshuhudia miezi mitatu ya yale macho mekundu, na sasa yamefumba, na uso wa mtoto umelegea kama ulivyokuwa alipokuwa wa mwaka mmoja. Sikudhani alijua hilo halikuwa lake kulisema. Mama Zamo aliuondoa mkono polepole, akavuta kanga yake begani, akamfunika nayo binti yake.

“Siwezi,” alisema. Alikuwa analia, lakini sauti yake ilikuwa imara. “Simwamshi. Andika utakavyoandika, baba. Wakimtaka, watambeba hivihivi alivyo.”

Bwana Pazi alitoa kalamu. Hakuandika. Alichuchumaa, akasogea karibu, akamtazama Zamoyoni kwa muda mrefu: kile kifua kilivyopanda na kushuka, ule udenda uliotiririka kidogo kwenye kona ya mdomo, vidole vilivyofunguka. Miezi mitatu alikuwa amepita nyumba ishirini kila jioni.

“Bibie,” alimwuliza Sikudhani kwa sauti ndogo, “huyu anafanya nini?”

“Amelala.”

“Mbona hajibu?”

“Aliyelala hajibu, Bwana Pazi.”

“Wote hujibu.”

“Ndiyo. Nimewasikia.”

Aliendelea kuchuchumaa. Nje Bwana Mdoe alikuwa bado anakoroma. Bwana Pazi alikiokota kile kipande cha muhogo karibu na kiatu chake, akakitazama, akakirudisha kwenye bakuli taratibu.

“Wangu ana miaka mitano,” alisema. “Huwa naanza na yeye, kabla sijatoka nyumbani. Hujibu kabla sijamaliza kuuliza. Huwa namsifia kwa wenzangu kazini.”

Akalifungua daftari juu ya goti, akaandika “Amelala,” na pembeni, kwenye safu ambayo katika daftari lote ilikuwa tupu, akaongeza: “Nimemwona mwenyewe.” Akagonga muhuri kwa kuubonyeza tu, usitoe sauti.

Alikuwa bado na nyumba nane za kugongea muhuri jioni ile. Sikudhani alisimama mlangoni akimwangalia. Mkaguzi alilipita lango la kwanza bila kupiga hodi, akalipita la pili, daftari limebanwa kwapani, akielekea upande wa kwake. Alianza kwa kutembea haraka, kama mtumishi wa umma. Alipofika kwenye kamba za watoto akaingia katika mstari mmoja, akakimbia.